Kadena za Depo ya Aloys

Kigoma, 8 Machi 1999

Mjomba Zénon,

Shikamoo. Watoto wazima, mimi pia mzima. Naandika mbio kwa sababu boti ya Sulemani imeanza kupakia.

Tangu vikwazo vya Burundi viondolewe, wafanyabiashara wa huko wanakuja tena Kigoma. Mmoja wao anaitwa Aloys. Ana depo hapo Bujumbura karibu na bandari, hangari la zamani la pamba ambalo amelikata vyumba vyumba. Watu waliokimbia mitaa yao wanakodi chumba, wanaweka vitanda na masufuria yao, na kila mtu anafunga kwa kufuli lake mwenyewe, kadena kama wanavyoita huko. Aloys anasema vyumba vyote vimejaa na hakuna anayehama. Anataka kuuza amfuate mke wake Ulaya.

Mjomba, unajua gari la marehemu Byamungu nililiuza. Pesa hiyo ndiyo mume, ndiyo nyumba, ndiyo shule ya watoto. Ikipotea sina nyingine. Naweza kununua mashine ya kusaga hapa Kigoma, au naweza kununua depo hiyo. Karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kuvuka nije nione. Basi wewe ndiye macho yangu.

Nenda ukaangalie. Paa linavuja? Ukuta umesimama? Kiwanja ni chake kweli? Vyumba vimejaa kama anavyosema? Aloys amekubali kuningoja hadi mwisho wa mwaka.

Pesa ya teksi nimeifunga ndani ya bahasha. Usiinywe.

Mwipwa wako,
Rosette


Bujumbura, Kanyosha, 21 Machi 1999

Mwipwa wangu Rosette, mama wa maswali,

Barua yako Sulemani aliniletea ikiwa inanuka ndagala. Mi nikajua umenitumia mboga. Kufungua, maswali matupu. Hata ndagala moja apana. Na tena unaniambia shikamoo! Kigoma imekuharibu. Kule Uvira, Kongo, ulikuwa unanisalimia kwa kunivuta ndevu.

Nilienda. Nilitembea kwa miguu, maana ile pesa ya teksi ilipata kazi ingine njiani, usiniulize.

Depo iko nyuma ya njia ya bandari. Ukuta ni matofali ya kuchoma, ya wakati wa Wabelgiji. Niliipiga na mwiko wangu, inalia vizuri. We unajua nilipikia mapadri karibu maisha yote, darasa la tatu nilitoka, mwiko njo diploma yangu. Kisha paa. Nilingoja jua lisimame juu ya kichwa, nikalala chali katikati ya koridori niangalie kama kuna nyota. Nyota zilikuwako, chache, ndogo, upande wa ziwa. Nilikuwa bado nazitazama, ufagio ukanichoma mbavu.

«Muzee, kama unakufa, kufia nje. Hapa ni fasi ya vitu.»

Njo Consolate huyo, mulinzi wa depo. Mujane kama we, lakini yeye ana nyama. Nikamwambia: «Mama, mi siko nakufa, niko nanunua.» Akaangalia viatu yangu, hii yenye kidole kinachungulia. Akasema: «Basi anza na viatu.»

Kiwanja hakina maneno. Gélase, mwenye anauza makala ya kupikia hapo pembeni tangu zamani, anasema hakuna mutu amewahi kugombania ile parseli, na kwenye ofisi ya komine muhuri wa Aloys uko.

Vyumba nilipita mulango kwa mulango. Kila moja ina kadena. Ingine ya Wachina, ingine ya Wabelgiji, ingine ni munyororo wa baiskeli. Imejaa kama tumbo ya askofu siku ya Pasaka.

Nunua.

Mujomba wako,
Zénon

Ndagala mbichi apana, zinaoza njiani. Tuma kavu.


Kigoma, 10 Aprili 1999

Mjomba,

Dagaa wakavu ni hao, mfuko mzima. Nimemwambia Sulemani mbele ya mashahidi kwamba ni mfuko mzima, kwa hiyo usiniandikie kwamba ilifika nusu.

Asante kwa paa na ukuta. Lakini swali la mwisho hukulijibu. Mlango wenye kadena unaniambia kuna kadena, basi. Nani yuko nyuma yake? Anakuja? Analipa? Mashine ya kusaga naiona hapa kwa macho yangu, wanawake wamepanga foleni na ndoo za mahindi toka alfajiri. Depo siioni. Ndiyo maana nakusumbua.

Na kuna jambo jingine. Sulemani anasema alipita hapo mara mbili akakukuta umekalia kigoda cha Consolate, unakula mihogo yake. Mjomba, wewe ni mtu wa miaka sabini na zaidi. Hizi habari zako sasa nazisoma kwa jicho moja.

Rosette


Bujumbura, 2 Mei 1999

Mwipwa,

Kwanza mihogo. Mihogo ni chakula, haiko dhambi, hata mapadri walikuwa wanaikula. Pili, soma na macho yote mawili.

Ila neno lako nililitafuna. Mutu akitaka kujua hoteli hamuulizi mwenye hoteli, analala. Basi nimekodi chumba. Namba kumi na nane. Hapo njo nilijua Aloys ni muongo kidogo, maana kama vyote vimejaa, hiki cha kwangu kilitoka wapi? Nimeingiza kitanda, sanduku, na picha ya marehemu muke wangu, ile anakasirika.

Siku nilihamisha kitanda, majirani wa Kanyosha waliniona napita nacho kichwani. Wakadhani nimesikia vita inakuja. Familia mbili zikaanza kufunga mizigo. Nikawaambia apana, tulieni, ni mambo ya mwipwa wangu. Wakaniambia, hata sisi ni mambo ya mwipwa, wakaendelea kufunga.

Sasa sikia nimeona nini.

Watu wa vyumba ya mbele wanakuja. Kuna mama moja wa Kinama, nyumba yake iliungua. Kila siku ya posho, Jumamosi yenu, anafika, anafungua kadena, anavua viatu mulangoni, anaingia, anakaa kwenye kiti yake kubwa ile ya vitambaa. Anakaa tu. Kisha anasimama, anaipanguza na kitenge, anafunga, anaenda. Kuna mwalimu wa Mutanga Sud anakuja kutia ufunguo saa yake ya ukuta. Saa yenyewe imelala chini, hata haimuonyeshi mutu kitu. Hawaji kuchukua, Rosette. Wanakuja kusalimia. Hao wanalipa Consolate kabla hawajanunua maharagi. Hapo Aloys alisema kweli.

Lakini kuna vyumba ya nyuma, saba, upande wa ziwa. Kadena zake hazina tundu. Nyigu wamejenga udongo wao ndani ya fasi ya ufunguo. Hakuna mutu anakuja tangu ile vita ya mitaa, na hakuna mwenye analipa. Aloys anavihesabu ndani ya «vimejaa» yake. Ni kweli vimejaa. Hata kaburi imejaa.

Nilimuuliza Consolate kwa nini hazikatwi. Aliniangalia kama nimetema mate kanisani. «Mutu mwenye hajafanyiwa kuganduka, vitu yake haviguswi.» We uliondoka hapa ukiwa mutoto, pengine umesahau. Hapa mutu akifa, musiba unalala kwanza. Kisha siku moja jamaa wanaleta bia, wanauliza mbele ya watu nani alikuwa anamudai marehemu, wanagawana vitu, musiba unaondoka. Njo kuganduka. Kabla ya hiyo hata kijiko hausogezi. Sasa wale wenye vyumba saba, nani anajua kama walikufa? Maiti hakuna, basi musiba hakuna. Musiba hakuna, kuganduka hakuna. Kadena inabaki. Nyigu wamepata nyumba bila kodi.

Lile neno «nunua» nililiandika bado sijalala pale. Lifute. Weka «ngoja».

Zénon wa namba kumi na nane


Kigoma, 19 Mei 1999

Mjomba,

Leo umeniambia kitu. Vyumba saba vimekaa bure, na mimi nilikuwa karibu kuvilipia kama vinavyozaa.

Hapa Kigoma mwenye ghala asipolipwa miezi mitatu anatoa mzigo nje na kuuuza. Hakuna anayelia. Msumeno haujui msiba. Nimemwandikia Aloys kwa boti hii hii: azikate hizo kadena, vyumba visafishwe, niambiwe vimepata wapangaji. Akikataa, nanunua mashine ya kusaga na biashara yetu imekwisha.

Consolate usimwambie. Najua utamwambia, lakini nimeandika.

Rosette


Bujumbura, 14 Juni 1999

We Rosette,

Umepiga kiota ya nyigu na fimbo ndefu, we uko ng'ambo ya ziwa. Nyigu wamemukuta mujomba wako.

Sisemi kwa mfano. Aloys alileta kijana wa msumeno siku ya posho asubuhi. Kuweka tu msumeno juu ya kadena ya kwanza, nyigu wakatoka wote pamoja, wakamugawana kijana. Mi nikapata wawili, moja kwenye sikio, moja siandiki wapi. Consolate alinipaka kitunguu. Kwenye sikio tu.

Kijana aliporudi na gunia kichwani, akakuta Consolate ameleta kigoda chake ameketi mbele ya mulango.

Aloys akamwambia: «Mama, mi njo patron hapa.»

Consolate: «Kuwa patron. Mi nakaa.»

Ingeishia hapo, ingekuwa kichekesho. Lakini yule mama wa Kinama alikuwa amefika kusalimia kiti yake. Alisimama kwenye koridori na kadena yake mukononi. Akauliza polepole, bila kelele: «Na yangu mutaikata lini?»

Aloys akacheka. «Yako apana, mama! We unalipa.»

«Na siku nitakufa?»

Kijana wa msumeno akavua gunia, akaanza kulikunja.

Mchana uleule muvuta mukokoteni alikuwa mulangoni. Mama alipakia kiti yake. Mwalimu alikuja akatoka na saa kwapani, inalia ndani ya koti kama mutoto. Wiki ikaanza, vyumba vitano ya mbele viko wazi, na Gélase amesukuma makala yake kando anakodisha banda. Aloys ameficha msumeno. Nyuma bado ziko saba, hakuna hata moja ilikatika.

Sasa mi ni mutu wa darasa la tatu, lakini acha nieleze. Chumba hata kwa Gélase kiko, na bei yake ndogo. Wale watu hawakuwa wanalipa chumba. Walikuwa wanalipa ili siku hawatafika, kadena iwangoje. Na walijua itangoja kwa sababu kila wakija waliona zile saba zinangoja. We ulivitaka vyumba saba vilipe. Vilikuwa vinalipa, ila kwa mulango ya mbele.

Sikio limepona.

Zénon


Kigoma, 30 Juni 1999

Mjomba,

Nimesoma barua yako nikaikunja, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikaisoma tena.

Ufunguo wa nyumba ya Uvira, ile tuliyoikimbia, ninao. Uko kwenye kamba shingoni, watoto wanauchezea wakilala. Sijui kama mlango bado upo, sijui nani analala ndani. Kama kuna mtu Uvira ameandikiwa barua akaambiwa akate, nani ataniambia? Basi msumeno nimeuondoa. Nimemwandikia Aloys vilevile.

Lakini siwezi kulisha watoto kwa nyigu. Hizo saba zina jamaa mahali fulani. Watafute. Wanaojua kwa hakika kwamba mtu wao alikufa, wafanye kuganduka kwa heshima hapo hapo uani, watoe vitu kwa mikono yao wenyewe. Bia nalipa mimi. Wasiojua, waache walivyo. Mjomba, soma hapo mara mbili: wasiojua, waache.

Mwenye mashine ya kusaga ameniuliza tena. Nimemwambia subiri.

Rosette


Bujumbura, 22 Agosti 1999

Mwipwa wangu mwenye bia,

Kazi imefanyika. Hongera uniandikie mwenyewe.

Jamaa wa watu watatu nimewapata. Wawili mambo yao yalikuwa wazi, waliwazika wenyewe, walikuwa hawajui tu kama marehemu aliacha vitu hapa. Walikuja, walisali, walilia, walikunywa, walibeba. Mwanamuke moja alikuta ndani sufuria ya mama yake bado ina mwiko. Consolate aliingia chumbani kwake akafunga mulango. Hapo sikufanya mizaha.

Wa tatu ni Bonfils, chumba ishirini na tisa. Dada yake Danielle anauza vitenge sokoni. Yeye alikuwa anasita, «sijui, muzee, sijui». Nikamwambia, mama, miaka minne mutu hata salamu hatumi? Mi hata nikiwa ahera ningetuma mutu kuomba ndagala. Na tena bia ya watatu ilikuwa imeshanunuliwa, na urwarwa, bia yetu ya ndizi, hauna subira, kesho ni siki. Akakubali.

Ilikuwa sherehe, Rosette! Aloys alikuja kwa harufu. Ilipofika fasi ya kuuliza nani anamudai marehemu, mi nikasimama nikauliza kwa sauti ya padri. Aloys alikuwa na kibuyu cha tatu mukononi. Akainuka akasema: «Bonfils alikuwa mupangaji wangu. Kodi ya miaka yote nimeisamehe. Simdai kitu, mbele ya Mungu na mbele yenu.» Watu wakapiga mikono mpaka yeye mwenyewe akalia.

Danielle alichukua kitanda, binamu akachukua baiskeli, jirani akapewa radio. Mi wakanipa viatu, juu ya kusimamia kazi. Ngozi, nyeusi, kama ya waziri. Consolate aliziangalia hakusema kitu. Kwa Consolate hiyo ni maendeleo.

Mama wa Kinama alipita kuchungulia. Kiti hakurudisha. Aliangalia tu.

Zénon, wa viatu


Kigoma, 9 Septemba 1999

Mjomba,

Umeandika kurasa mbili. Umeniambia bia, umeniambia viatu. Hukuniambia ni nani aliyemwona Bonfils amekufa.

Nijibu hilo tu.

Rosette


Bujumbura, 17 Oktoba 1999

Rosette,

Hakuna mwenye alimuona. Jibu njo hilo. Na mwenyewe amekuja.

Mi nilikuwa kwenye kigoda, miguu nimeinyoosha mbele ili watu wa njia waone vizuri. Akasimama mutu mbele yangu, mwembamba kama fito, na kamfuko ka kambi. Uso wangu hakuuangalia. Aliangalia miguu.

«Muzee, viatu hizo umezipata wapi?»

«Ni za marehemu.»

«Marehemu gani?»

«Bonfils. Wa chumba ishirini na tisa.»

Akafikiri. «Alikufa na nini?»

«Hatukujua. Alikawia tu.»

«Mulimufanyia kuganduka?»

«Vizuri sana.»

«Bia ilikuwa nzuri?»

«Ilikuwa nzuri.»

«Basi vua.»

Nilivua. Alizivaa pale pale, akafunga kamba, akaenda koridorini. Akasimama mbele ya ishirini na tisa, mulango wazi, ndani kuna ufagio wa Consolate peke yake. Alikaa chini. Miaka yote alikuwa kambini Tanzania, upande wa Kibondo. Barua alituma mbili, kwa Danielle, kwenye nyumba yenye iliungua.

Consolate alifunga geti. Akanipa kipande cha chaki cha kutia alama vitu, na mukokoteni. «We ulifungua, we utafunga. Usirudi bila kitanda.» Nikamwambia niko bila viatu. Akasema: «Hata yeye alikuja bila.»

Niliizunguka mji huu miguu mitupu, mwipwa. Danielle aliponisikia alianguka juu ya vitenge vyake analia, kisha akaamka akanipiga na sandali, kisha akanikumbatia, kisha akanipiga tena. Kitanda alikitoa akiwa anaimba. Radio ilikuwa inaongea, jirani aliniomba amalize kwanza habari. Baiskeli binamu alikuwa ameshauza Buyenzi. Nilikaa mulangoni kwake mpaka alikasirika akaenda kuinunua tena, kwa bei ya kulia.

Siku zile zile wanajeshi walikuwa wanashusha watu wa milima ya juu ya Kanyosha, wanawaweka kambini. Watu wamengoa milango yao, wamengoa mabati, wanabeba kichwani. Foleni ilifika kwa Gélase. Yeye alikuwa anawaita, bei ndogo, bei ndogo. Walimpita. Walikuwa wanamuuliza Consolate neno moja, bei apana: «Ni hapa mutu alirudi akakuta vitu yake?» Consolate akawa anaonyesha Bonfils amekaa juu ya kitanda yake koridorini anangoja baiskeli. Sasa ndani ya depo milango ya watu imelala nyuma ya milango.

Mama wa Kinama alikaa uani tangu asubuhi. Baiskeli ilipoingia, alisimama, akamwambia muvuta mukokoteni: «Twende tulete kiti.»

Vyumba vyote vimejaa. Nyuma zimebaki nne na nyigu wake. Mara ya kwanza nilikuandikia «nunua» nikiwa sijui kitu. Leo najua kidogo, kwa hiyo nanyamaza. Pesa ni ya watoto wako.

We uliniambia nisome mara mbili. Nilisoma mara moja.

Zénon


Kigoma, 5 Novemba 1999

Mjomba,

Mashine ya kusaga imechukuliwa na mtu mwingine. Nilimpita jana nikamsalimia, roho yangu ikatulia kuliko nilivyodhani.

Depo nanunua. Aloys alikuja hapa mwenyewe, amechoka, anamwota Bonfils usingizini. Bei ameshusha. Vile vinne vya nyuma yeye alivihesabu faida, mimi nilivihesabu hasara, na wote wawili tulikosea. Nimeviweka kama unavyoweka ukuta. Ukuta haukodishwi, lakini hakuna anayeubomoa ili apate nafasi. Kwa hesabu hiyo, vilivyobaki vinatulisha, si kwa anasa. Nimekubali.

Masharti yangu ni haya. Kadena ya mtu haikatwi. Consolate ndiye mkubwa wa hapo, hata kwako. Paa upande wa ziwa lizibwe kabla ya Noeli. Wewe chumba kumi na nane ulipe kama watu wengine, au uhame. Na hutamfanyia mtu yeyote kuganduka tena, hata mimi nikikawia.

Bonfils anadaiwa kodi ya miaka minne na zaidi. Sitaki kumbana, katoka kambini. Muulize taratibu anaweza kulipa kidogo kidogo namna gani.

Rosette


Bujumbura, 1 Desemba 1999

Patron wangu,

Paa limezibwa. Nililala chali tena kuangalia, nyota hakuna. Consolate alinipita bila kunichoma na ufagio, ila alinikanyaga kidogo.

Chumba nalipa. Niliuliza kama mujomba wa patron anapunguziwa. Consolate akasema anaongezewa.

Juu ya deni ya Bonfils, nilimuuliza kwa heshima kama ulivyosema. Yeye akaanza kutafuta mifukoni, maskini. Consolate akamushika mukono. Akamwambia: «Kaa. We ulikufa tarehe fulani ya mwezi wa nane, watu wakaulizwa nani anakudai, na mwenye depo wa wakati ule akasimama akasamehe mbele ya Mungu. Deni iliondoka na musiba. Kufufuka hakurudishi deni.» Nilitaka kukutetea, Rosette. Nikakumbuka mi njo niliuliza swali lenyewe, na sauti ya padri. Basi anaanza upya na mwezi huu. Nafikiri njo mutu wa kwanza katika Burundi kufa kumemufaidia.

Alirudisha vitu yake vyote ndani ya chumba ishirini na tisa. Alinunua kadena mupya, ya Wachina, nyekundu. Akafunga, akaivuta mara mbili, akaivuta tena. Kisha akamugeukia Consolate, bila kucheka.

«Mama, na siku nitakufa kweli, mutangoja?»

«Tutangoja,» Consolate akamwambia. «Tumeshazoea.»

Ukinitumia viatu, namba yangu ni arobaini na moja. Zake zilikuwa arobaini na tatu. Miezi ile yote nilikuwa natembea nimeweka magazeti ndani, ila sikutaka Consolate ajue.

Mujomba wako na mupangaji wako,
Zénon